Usukani Uliosema Aiee

Mwaka ule wa 1993, Mbumbuni nzima ilikuwa na mwanamke mmoja tu anayeendesha pikapu, naye ni Syokau, mjane wa Mulei. Wanaume waliokuwa wakiota jua nje ya duka la mbegu walimcheka mwanzoni, kisha wakachoka kucheka, wakaanza kumwomba lifti. Aliwabeba, lakini si bure. Alikuwa na mdomo usio na breki, na mtu akishuka pale sokoni alikuwa ameshaambiwa ukweli wake wote njiani.

Aliyemfundisha kuendesha ni Mulei mwenyewe. Alimfundishia kwenye mchanga wa mto Thwake wakati wa kiangazi, mto ukiwa mkavu na mpana kama uwanja wa shule. Mulei hakuwa mtu wa maneno. Alikaa pembeni na kikopo chake cha tumbaku ya kunusa, na mkewe alipokata kona vibaya hakufoka. Alisema neno moja tu, akilivuta polepole: "Aieee." Kwa Kikamba maana yake ni hapana. Alipokata vizuri alinyamaza. Na hivyo ndivyo walivyoishi miaka yao ishirini: Syokau akikosea, aiee, akipatia, kimya.

Mulei alikufa kwa ugonjwa wa tumbo. Alimwachia Syokau pikapu ya buluu, binti mmoja aitwaye Nthenya aliyekuwa kidato cha tatu, na shamba la michungwa kando ya Thwake. Shamba hilo lilikuwa bado limeandikwa jina la baba yake Mulei, marehemu naye. Ndipo ikaja barua kutoka ofisi ya mashamba kule Wote. Ijumaa, saa nne asubuhi, jamii ifike na shahidi, mwenye shamba aandikwe. Asiyefika, jina lake litarukwa.

Shahidi wa Syokau alikuwa shemeji yake, Mbuvi, mdogo wa Mulei. Kabla ya kuokoka Mbuvi alikuwa utingo wa pikapu hiyo hiyo, sasa alikuwa mzee wa kanisa mwenye shati jeupe na sauti ya asali. Siku ya mazishi ya Mulei kifungo cha mkono wa shati lake kilikatika, na Syokau, katikati ya machozi yake, ndiye aliyemshonea. Uzi mweupe ulikuwa umekwisha, akatumia wa buluu. Mbuvi alimshika mkono akasema, "Mama Nthenya, kuanzia leo mimi ndiye ukuta wako." Syokau aliamini kila neno.

Kelele ilianza Jumatatu, Syokau akirudi na Nthenya kutoka kupeleka machungwa. Alikata kona ya kushoto na usukani ukatoa mlio mdogo, kama panya aliyebanwa. Kona ya pili mlio ulirefuka. Walipofika kwenye lango la nyumbani, Nthenya alikuwa amemshika mama yake begani.

"Mwaitu, umesikia?"

"Nimesikia chuma."

"Imesema aiee. Kama baba."

"Baba yako ana kazi nzuri huko mbinguni," Syokau akasema, "hawezi kuja kulala chini ya pikapu." Akacheka, lakini vinyweleo vya mikono vilikuwa vimemsimama, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amesikia neno hilo tangu kona ya kwanza.

Jumanne akaenda kwa Irungu, fundi wa gari pale Wote. Mbuvi alifuatana naye, maana mwanamke peke yake gereji huuziwa hata kile alichokuja nacho. Irungu alikuwa mtu wa Murang'a, na miaka kumi aliyokaa Ukambani ilikuwa imemfundisha Kikamba cha salamu na bei tu. Aliinua pikapu kwa jeki, akalala chini yake, akamwambia Syokau azungushe usukani kushoto.

"Aieee," ikasema pikapu.

"Unasikia inavyosema?" Syokau aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nasikia, mama. Inasema haina grisi." Irungu akatoka chini akijifuta mikono. Akawaonyesha fimbo ya chuma inayoshika magurudumu ya mbele yafuate usukani. "Hii ndio tairodi. Raba yake imepasuka, mchanga umeingia kwa joint. Inaweza enda mwezi, inaweza enda leo. Mpya nitaletewa kutoka Machakos Jumamosi."

"Na mimi Ijumaa lazima niwe hapa Wote."

"Si upande matatu?"

Lakini matatu ya kuteremka Wote ilitoka Mbumbuni siku za soko tu, na Ijumaa haikuwa siku ya soko. Irungu alikuna kichwa. "Basi sikia. Kabla hujatoka, chezesha steringi kidogo kidogo. Kama inacheza vidole viwili kabla tairi haijasonga, usiende. Kidole kimoja, enda pole pole. Na kitu ingine, mama. Chuma ikipiga kelele, bado iko kazini. Ile ya kuogopa ni chuma ilikuwa inalia halafu ikanyamaza na hakuna fundi ameishika."

Mbuvi alikuwa ameinama karibu naye, akiitazama nati ya ile fimbo na pini ndogo inayoizuia isifunguke. Aliitazama kwa makini sana. Syokau aliliona hilo akashukuru Mungu kwa kumpa shemeji anayejali.

Njiani kurudi akamfungulia moyo. Alimwambia ni sauti ya Mulei anayoisikia, na kwamba huenda Mulei anamkataza safari ya Ijumaa. Mbuvi hakucheka. Walipovuka mto akasema taratibu, "Mama Nthenya, wewe umeokoka. Mkristo haongei na maiti. Hiyo si sauti ya ndugu yangu, hiyo ni pepo imevaa sauti yake ndio usifike Wote, upoteze shamba. Kesho tutaiombea."

Ni kosa ambalo mtu wa Murang'a asingeweza kulifanya. Kwa Irungu kile kilikuwa chuma kinachotaka grisi. Kwa Syokau lilikuwa neno, na neno lina msemaji, na msemaji anaweza kufukuzwa.

Jumatano kina mama walikuwa na ibada yao kanisani. Pikapu ilikaa nyuma ya kanisa tangu asubuhi. Saa tisa Mbuvi akawatoa wote nje, wakaizunguka, wakaweka mikono kwenye boneti. Waliimba. Walikemea. Kisha Mbuvi akamsogeza Syokau mbele, karibu na mlango wa dereva.

"Mfukuze wewe mwenyewe. Mwite jina. Sema humjui."

Syokau alisita. Miaka ishirini ilimpitia mbele ya macho, mchanga wa Thwake, kile kikopo cha tumbaku, yule mtu mkimya aliyemkabidhi usukani wakati wanaume wengine walikuwa hawawakabidhi wake zao hata baiskeli.

"Sema!"

"Mulei," akanong'ona. "Sikujui. Toka."

"Kwa nguvu!"

"Mulei! Sikujui!"

Akaingia, akazungusha usukani kushoto. Kimya. Akazungusha kulia. Kimya. Kina mama wakapiga vigelegele, mmoja akaanguka chini kwa furaha. Mbuvi aliinua mikono yake juu kumshukuru Mungu, na hapo Syokau akaona kwamba mkono wa shati lake jeupe ulikuwa wazi, kifungo hakipo, na kando yake kulikuwa na doa jeusi. Aliona, akapita. Nani atamshuku mtu aliyeinua mikono kumshukuru Mungu?

Alhamisi Mbuvi aliwahi Wote kwa lori la mchanga. Alisema atalala kwa muumini mmoja ili asubuhi amshikie nafasi kwenye foleni.

Jioni hiyo Syokau aliketi peke yake ndani ya pikapu. Alichezesha usukani kama Irungu alivyomfundisha. Kidole kimoja. Alikumbuka maneno ya fundi kuhusu chuma kilichonyamaza, yakamsumbua, akayapima. Lakini kulikuwa na kipimo kingine, cha zamani zaidi. Maisha yake yote ya ndoa, kimya kilikuwa na maana moja tu: umepatia. Akashuka, akafunga mlango, akamwambia Nthenya aandae nguo zake za shule, ndizo zilizokuwa nzuri kuliko zote. Asubuhi wangekwenda.

Ijumaa ilipambazuka vizuri. Anga safi, kunguru kwenye paa la kanisa, harufu ya chai ya majirani. Walipita sokoni, Syokau akapiga honi mara mbili kama kawaida yake. Wakapita tangi la maji la kijiji, pale barabara inapoanza kuteremka kuelekea Thwake. Mteremko huo una kona tano. Upande mmoja ni mwamba, upande wa pili ni hewa.

Karibu na tangi gari liliruka shimo. Kitu kiligonga chini, mara moja, ko. Syokau alisikiliza. Hakikurudia.

Kona ya kwanza, kushoto. Alikata. Gari likafuata.

"Mwaitu," Nthenya akanong'ona. "Imenyamaza sana."

"Nyamaza na wewe."

Kona ya pili. Usukani ulikuwa mwepesi, mwepesi kupita kiasi, mithili ya sufuria isiyo na kitu. Alipokanyaga breki, kanyagio lilikuwa gumu, halitaki kushuka. Gari halikuongeza mwendo, wala halikupunguza.

Kona ya tatu. Ndipo harufu ilipoingia.

"Nani ananusa tumbaku?" Nthenya aliuliza.

Hapakuwa na mtu. Vioo vilikuwa vimefungwa. Ilikuwa harufu kali ya tumbaku mbichi iliyosagwa na magadi, na ilitoka katikati yao, kwenye ile nafasi ya kiti waliyoiacha bila kufikiri. Syokau hakugeuza shingo. Aliogopa kugeuza shingo.

Kona ya nne. Aliondoa mkono wa kushoto apunguze gia. Usukani uliendelea kuzunguka. Akauondoa na wa kulia. Usukani ukazunguka wenyewe, polepole, kwa ustadi, ukasimama, ukarudi.

Nthenya alifunga macho. Syokau hakuweza.

Kona ya tano. Kulia kulikuwa na daraja. Pikapu haikulifuata. Ilitoka barabarani taratibu, ikashuka kwenye ukingo, ikaingia kwenye mchanga mkavu wa mto, ikazama hadi tumboni. Injini ikazimika. Ilikuwa imesimama mahali pale pale Syokau alipofundishwa kuendesha.

Walishuka. Gurudumu moja la mbele lilitazama Mbumbuni, la pili likatazama Wote. Syokau aliingiza mkono kwenye mlango uliobaki wazi akausukuma usukani kwa kidole. Ukazunguka na kuzunguka na kuzunguka, haukushika kitu chochote.

Mtu mmoja alikuja na baiskeli kutoka juu, akiwa amebeba fimbo ya chuma begani. "Mama, hii ni ya gari yenu? Nimeiokota huko juu kwa tangi."

Kwa tangi. Kabla ya kona ya kwanza.

Syokau aliipokea. Ile raba iliyopasuka ilikuwa imefungwa kitambaa, ndani yake kumeshindiliwa grisi mpya, nyeusi, nyingi. Nati haikuwepo. Tundu la pini lilikuwa tupu, safi, bila hata ncha ya pini iliyovunjika. Alipoipitisha grisi kati ya vidole vyake akagusa kitu kigumu, kidogo, cha mviringo. Akakifuta kwa kanga.

Kilikuwa kifungo cheupe cha shati. Kwenye matundu yake kulikuwa na uzi wa buluu.

Alikaa chini mchangani akalia. Hakulia kwa kuponea chupuchupu. Alilia kwa sababu uzi ule ulikuwa wake, aliukata kwa meno yake mwenyewe, akiwa amekaa kando ya jeneza. Mtu aliyejiita ukuta wake alilala chini ya gari lake nyuma ya kanisa, akaziba mdomo wa aliyekuwa akimwonya, halafu akamfanya yeye mwenyewe, mke, amalizie kazi kwa kinywa chake. Kikulacho ki nguoni mwako. Nguoni hasa.

Lori la mchanga likawabeba. Walifika Wote saa nne na nusu wakakuta mlango wa ofisi uko wazi na watu wamejaa hadi nje. Jina la Syokau lilikuwa limeshaitwa mara tatu na kurukwa. Mbuvi alikuwa amesimama mbele ya meza, kisigino kwa kisigino, shati jipya.

Afisa wa mashamba alikuwa Bwana Waithaka, mtu mgeni asiyejua Kikamba, aliyeletwa juzi kutoka Nyeri. Hakuinua macho kutoka kwenye karatasi. "Ndugu wa marehemu ni wewe. Mjane hayuko. Sasa nijibu niandike. Hili shamba ni lako?"

Mbuvi akafungua kinywa.

"Aieee."

Haikuwa sauti ya mtu. Ilikuwa kavu, ya chuma, ndefu, iliyopanda kidogo mwishoni. Waithaka aliinua kichwa akautazama mlango. "Hebu mtu ashikilie huo mlango, bawaba zinapiga kelele. Nimeuliza, shamba ni lako?"

Mbuvi alijishika koo. Macho yalimtoka. "Aieee."

"Nimesema mlango!"

"Si mlango, Bwana," akasema karani, msichana wa Kikamba aitwaye Kavata, akisogeza kiti chake nyuma. Midomo yake ilikuwa imepauka. "Ni yeye. Amesema hapana."

"Mara ya mwisho, mzee. Ni lako?"

"Aieee."

Waithaka akaandika hapana. Umati ukafunguka, Syokau akapita na miguu yake ya mchanga, akafika mezani, akaweka kifungo mbele ya Mbuvi. "Umeangusha kifungo, shemeji," akasema. Mbuvi akarudi nyuma hadi ukutani.

Kwa kuwa shemeji alikuwa amelikana mara tatu, shamba likaandikwa jina la Syokau. Irungu aliifunga tairodi mpya Jumamosi, akaambiwa ilikookotwa ile ya zamani, akahesabu kona kwa vidole, akaenda kunawa mikono. Tangu siku hiyo hakupenda kuishika ile pikapu.

Mbuvi hakusema neno jingine tena. Alipelekwa hospitali, koo likamulikwa, halina kidonda. Ukimuuliza kama amekula, aiee. Kama anaumwa, aiee. Kanisa liliweka ratiba ya kumwombea lakini hakuna aliyejitokeza kumwekea mikono. Alikaa nje ya nyumba yake kwenye kigoda, na kila alipogeuza shingo kushoto ililia.

Na pikapu? Pikapu ilikuwa kimya. Ilikuwa salama, kila fundi aliisifu, na Syokau aliichukia. Alitamani ilie walau mara moja. Usiku na mchana alisikia sauti yake mwenyewe mbele ya kina mama wale: sikujui. Mbuvi alimsaliti, sawa, dunia imejaa kina Mbuvi. Lakini yeye je? Aliyemkana mumewe mbele ya watu, halafu mumewe huyo huyo akamshusha kona tano, ni nani?

Ikafika mahali akaona kwamba kama anataka kuisikia sauti ya Mulei hana pengine pa kwenda ila kwa Mbuvi. Wiki nzima alitafuta swali. Hakutaka kuuliza umenisamehe, kwa maana sauti ile ilijua jibu moja tu. Alitaka swali ambalo hapana yake ni faraja. Akalipata Jumapili, wakati wa ibada, akatoka kabla ya sadaka.

Alimkuta Mbuvi kwenye kigoda. Akachuchumaa mbele yake, akasogea karibu hadi akaisikia pumzi yake.

"Mulei," alinong'ona. "Bado una hasira na mimi?"

Shingo ya Mbuvi iligeuka. Kinywa kikafunguka. Syokau aliona ulimi ukiinuka, akangoja lile neno, neno moja tu ambalo kinywa kile kilikuwa kimelisema kwa kila mtu, kwa watoto, kwa kuku, kwa upepo.

Kimya.

Alingoja hadi miguu ikafa ganzi. Kinywa kilibaki wazi, kisha kikafunga polepole. Na Syokau alikijua kimya kile. Alikuwa amekaa nacho miaka ishirini. Kilimaanisha umepatia: hasira bado ipo.

Alirudi kwenye pikapu akaendesha. Kwenye lango la nyumbani, pale palipo wazi na tambarare, aliikata kona ya kushoto vibaya kwa makusudi, gurudumu likapanda jiwe, boneti ikakwaruza uzio wa mkonge. Hata mwanafunzi wa siku ya kwanza asingekata vile.

"Nikosoe," akasema. "Mulei, nikosoe basi."

Usukani haukulia. Alizima injini, akafungua mlango ashuke, na mkono wake ukagusa kiti cha kati. Palikuwa na joto. Katikati ya joto hilo kulikuwa na chembe za tumbaku, mbichi, za kiasi cha kunusa mara moja tu, kana kwamba mtu alizichota anuse, halafu akabadili nia.